Nilivyokwenda Magunga Kumsamehe Ndugu Yangu

Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni Uriri ananiuliza mambo mawili: kama ni kweli nimeokoka, na kama ni kweli nilichimba shimo nikiwa nimevaa suti nyeupe. Yote mawili ni kweli, ingawa la suti lina mashahidi wengi zaidi. Nimechoka kusimulia vipande vipande mbele ya vibanda vya chapati huku kila mtu akiongeza chumvi yake. Naandika mara moja hapa, msome, kisha mniache ninywe chai.

Uriri: habari ya waya

Kwa wasionijua, jina langu ni Okoth, ila kwenye mabango naitwa MC Radi. Kazi yangu ni kusema kwenye harusi, matanga na michango. Nina spika mbili, jenereta moja na mdomo.

Niliokoka nikiwa kazini. Kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani, nami nilikodiwa kuleta vyombo. Siku ya tatu, mhubiri alipoita wanaotaka kuokoka, spika ya kushoto ikaanza kukoroma, nikaenda mbele kushika waya uliolegea. Nilipoinama, watu wakadhani nimepiga magoti. Mikono ikanishukia kichwani, mingine ikinuka samaki. Nilitaka kuwaeleza kwamba mimi ni fundi tu. Lakini mhubiri akauliza, wala hakuwa akinitazama, "Nani hapa amechoka kujibeba?" Na mimi niliyefuata waya nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa mandazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka sana kujibeba, na sikuwa najua.

Mchungaji wetu akanifundisha kwamba aliyeokoka haishi tena kwa ajili ya nafsi yake, anaishi kwa ajili ya Mungu. Nililipenda mno fundisho hilo. Nikashona suti nyeupe ili lionekane vizuri. Nikaandika ushuhuda wa kurasa tatu, na fundisho lenyewe nikalitia ukurasa wa tatu, baada ya habari zangu.

Jumatano moja mama akapiga simu kutoka nyumbani, kule Magunga. Alisema mdogo wangu Onyango anahama Jumamosi. Anachukua mke na watoto wote wanne, anakwenda kupanga chumba Mbita, na yeye mama atabaki peke yake na kuku.

Nieleze kidogo hapa. Kwetu, kifungua mimba wa kiume ndiye hutoka kwanza katika boma la baba na kuanzisha boma lake. Mdogo hamruki. Akimruka, wazee husema amejiitia mkosi, na mtoto akikohoa tu, watu hutazamana. Sasa mkubwa ni mimi, na sikuwa nimetoka, maana kuishi ugenini Uriri hakuhesabiwi kuwa boma. Kila mwaka nilisema nitajenga mwezi wa nane. Miezi ya nane sita ikapita. Muda wote huo Onyango, mtu mzima, baba wa watoto wanne, alikuwa analala katika simba yake, kile kijumba cha ujana kando ya lango la baba, akiningoja.

Miaka minne iliyopita, kwenye matanga ya jirani, nilishika maiki nikawachekesha watu. Nilisema, "Ndugu yangu ana watoto wawili na bado analala simba! Jamani, anangoja kubalehe!" Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Onyango akaondoka, akarudi na panga, akakata waya wa spika yangu kubwa mbele ya umati. Tangu siku hiyo hatukusemezana.

Kwa hiyo, mnaona, nilikuwa na mtu wa kusamehe. Nikamwambia mke wangu Akinyi kwamba nakwenda Magunga kumsamehe Onyango, nisome ushuhuda, tulie, abaki.

"Unamsamehe makosa gani?" akauliza.

"Alikata waya."

Akinyi akarudi kupepeta mahindi yake. "Haya. Ukifika pale langoni, nipigie kabla hujafungua mdomo."

Uriri hadi Rodi, juu ya miwa

Alhamisi asubuhi nilipata lifti ya lori la miwa. Dereva alikuwa mtu mpole mwenye shavu moja limevimba kwa kutafuna. Tulikwama nyuma ya trekta ambayo haikuwa na haraka ya maisha, nikaona ni Mungu amenipa nafasi. Nikaanza ushuhuda. Nilianza na utoto wangu, jinsi sauti yangu ilivyokuwa kubwa hata nikiwa mchanga. Nikaja kwenye harusi nilizozisimamia, watu wakubwa walionipongeza, jinsi nilivyokunywa na jinsi hata ulevini niliheshimika.

Dereva alitema makapi dirishani. "Brother, story ni tamu. Sasa Yesu anaingia saa ngapi?"

"Ukurasa wa tatu."

"Basi sisi tutafika mbele yake."

Na kweli, alinishusha Rongo nikiwa bado nazungumzia jenereta. Akanipa kipande cha muwa, akaniombea safari njema, na kusema ukweli sala yake ilikuwa fupi na nzuri. Nilitafuna muwa ule nikisubiri gari la kwenda Rodi, na mvua ikanikuta hapohapo. Suti ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Mimi sikuwa.

Asumbi: njugu za Shangazi

Shangazi Perpetua, dada ya marehemu baba, ameolewa Asumbi. Ni Mkatoliki wa tangu zamani, ameimba kwaya ya misheni hadi sauti yake imebaki ile ya chini tu. Nilipotoka Rodi kwa pikipiki nilimkuta barazani ameketi juu ya gunia, anabambua njugu, ungo uko mapajani. Akanipa chai na viazi vitamu, na nikiwa bado nameza akaniuliza kama ni kweli aliyoyasikia.

"Ni kweli, Shangazi. Nimeokoka."

"Wuod omera," akasema, yaani mtoto wa ndugu yangu, "na sisi huku tumekuwa tukifanya nini miaka hii yote? Kucheza bano kama watoto?"

Nikasema asikilize kwanza. Nilisimama, maana ushuhuda wangu hausomwi kwa kukaa. Nilikunjua kurasa tatu na kumsomea yote, pamoja na mahali pa kulia. Yeye hakuinua kichwa. Alibambua njugu zake, mara akitupa moja kushoto ya ungo, mara nyingine akingoja sana, halafu akaweka moja kulia. Nilidhani anachagua mbovu.

Nilipomaliza nilijipangusa uso na kungoja neno lake. Akanisukumia ungo.

"Tazama. Hizi za kushoto, kila uliposema mimi, niliweka moja. Hizi za kulia, kila ulipomtaja Mungu."

Kushoto palikuwa na rundo la kushiba watu watatu. Kulia palikuwa na njugu nne.

"Na hii moja," akaongeza, "nimekuhurumia tu. Ulisema 'Mungu wangu' wakati ulijigonga mlango."

"Na Onyango je?"

"Onyango hujamtaja. Umetaja waya."

Jamani, nyani haoni kundule. Nimedhihakiwa na walevi, nimezomewa kwenye harusi ya watu, sijawahi kushikwa namna ile. Nilijitetea kwamba ushuhuda ni habari ya mtu, hauwezi kukosa mtu. Shangazi akasema hilo anajua, lakini hata padre wao husema misa nzima bila kutaja viatu vyake. Halafu akasema debe tupu haliachi kuvika, na kwamba baba yangu naye alikuwa hivyo kabla hajazeeka. Hapo ndipo nilipoona aibu hasa, kwa sababu nilimpenda baba, na kweli alikuwa hivyo.

Asubuhi nilimkuta jikoni amekaanga rundo la kushoto kwa chumvi. Akalitia katika mfuko wa khaki na kuufunga kwa uzi.

"Mpelekee Onyango. Ni zako, lakini ni yeye amekuwa akizimeza."

Zile za kulia sikuziona. Sikuthubutu kuuliza.

Homa Bay hadi Sindo, pamoja na marehemu

Ijumaa, Homa Bay, magari ya kwenda Sindo yalikuwa yamekodiwa yote kwa maziko. Nilizunguka stendi hadi saa sita. Mwisho lori moja lililobeba viti, sufuria na waombolezaji likanikubali, mradi nikae juu ya gunia la mchele na nisilale. Mbele yetu lilikwenda gari lenye jeneza la bibi mmoja mzee, na kila kituo tulichofika tulisimama ili watu wa hapo wamlilie. Ukitaka kujua subira ni nini, safiri nyuma ya bibi anayependwa.

Kituo cha tatu, jamaa mmoja mwenye kipaza sauti akanitambua. "Huyu si MC Radi? Na nasikia ameokoka! Omera, kuja utufungulie na neno."

Nilishika kile kipaza sauti. Mkono wangu ulikijua. Nikafungua mdomo, na neno la kwanza lililokuja lilikuwa "mimi". Nikalimeza. Nikatafuta jingine, likaja lilelile. Nilikumbuka ule ungo. Nilisimama pale mbele ya watu, mdomo wazi, machozi ya hasira yakinitoka kwa sababu mtu anayeishi kwa kusema ameshindwa kusema.

Walidhani nimezidiwa na uchungu. Mama mmoja alipiga kelele, "Uwi! Hata yeye ameshindwa! Alimpenda sana nyanya!" Kilio kikalipuka upya, kikubwa kuliko vituo vyote. Mwenye kipaza sauti akanishika bega, naye analia, akaniambia hajawahi kusikia mahubiri mazito namna hiyo.

Tulipofika kwenye boma la maziko, karibu na Sindo, jioni haijaingia, walinikalisha na wajukuu wa marehemu. Nikaletewa samaki, ngege mzima wa kukaanga na ugali, wakati watu wa lori walikuwa wanapewa maharagwe. Binti mmoja wa marehemu akaja kunishukuru, akaniuliza nilimjulia wapi mama yake. Hapo ningeweza kudanganya vizuri tu, ndiyo kazi yangu. Nikamwambia sikumjua kabisa, nikamwomba anisimulie. Alinisimulia hadi samaki akabaki mifupa: jinsi bibi alivyolea yatima wa watu, jinsi alivyowachapa, jinsi alivyoimba vibaya. Nilicheka, nikasikitika kwamba sikumkuta. Na muda wote huo sikujifikiria hata kidogo. Nilijua hivyo baadaye tu, nilipoona kwamba shati langu, lililoloa jasho juu ya lori, lilikuwa limekauka mwilini na sikuwa nimelalamika.

Sindo hadi Magunga

Jumamosi alfajiri nilivaa suti. Ndiyo, najua. Nilijiambia naivaa kwa heshima ya Mungu. Bodaboda akateleza nami kwenye tope la kwanza, na heshima ya Mungu ikawa nyeusi hadi gotini.

Njia nzima nilihofu. Hofu hiyo siwezi kuifanyia mzaha. Niliona picha ya mama ameketi peke yake katika boma lile, simba ya Onyango ikiwa wazi, na watoto ambao sikujua hata majina ya wawili kati yao wakiwa wameondoka. Na nilijua ni kwa sababu yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kulijua hilo bila kuwa na mtu wa kumsingizia.

Langoni nikampigia Akinyi. "Nimefika. Sijafungua mdomo."

"Vizuri. Sema nisamehe, halafu nyamaza."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Utaona vile ni ndefu."

Boma la baba

Mkokoteni wa punda ulikuwa uani, vitanda vimefungwa juu yake, godoro, masufuria, baiskeli isiyo na gurudumu. Onyango alikuwa anakaza kamba ya mwisho. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Aliniona, akatazama nyuma yangu kwa wasiwasi.

"Okoth, umekuja na spika?"

"Sikuja nazo, Mama."

"Nyasaye ni mwema," akasema, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ambayo Mungu amepata kwa ajili yangu katika boma lile.

Nikamwendea Onyango. Hakuacha kamba. Nikasema, "Onyango, nisamehe. Nilikudhihaki mbele ya watu ili wacheke. Na ni mimi nimekuzuia kujenga miaka yote hii." Kisha nikanyamaza, kama nilivyoagizwa.

Akinyi hakukosea. Kilikuwa kimya kirefu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa. Punda alijamba. Kwa kawaida hapo ningetia neno.

"Umemaliza?" Onyango akauliza.

"Nimemaliza."

"Hakuna part two?"

"Iko kwa mfuko. Siisomi."

Akavuta pumzi. Nikaona nafasi, na ule ugonjwa wangu ukanirudia kidogo. Nikamwambia kwamba mchungaji wetu anasema mila hizi hazitufungi tena, kwa hiyo mimi kama mkubwa wake nampa ruhusa atoke kwanza, ajenge. Nililisema kwa ukarimu, nikinyoosha mkono.

"Ruhusa yako si nyumba," akasema. "Mimi nikijenga mbele yako, huyu mama hatalala. Kila mtoto akishikwa na homa atasema ni hiyo. Pastor wako atakuja kukaa na yeye?"

Nikaushusha mkono.

"Unasema umeokoka."

"Nimeokoka."

"Mpaka mikono?"

Akaanza kufungua kamba ile aliyoikaza. Alitoa godoro, akatoa kitanda, na chini kabisa akatoa jembe. Akanipa. Baba mdogo akaitwa kutoka boma la jirani asimame mahali pa marehemu baba, akanionyesha sehemu yangu upande wa mlimani, ile ambayo baba alinipimia kitambo. Palikuwa pameota miiba. Onyango hakuhamisha hata sufuria moja kurudi ndani. Aliuacha mkokoteni vilevile, nusu umefunguliwa, akaja kusimama kando yangu amekunja mikono, akanitazama nichimbe shimo la nguzo ya kwanza.

Nikachimba. Majirani walikuja. Wengine walileta viti. Mikono ya mtu wa maiki ni laini kama ya mtoto, na baada ya nusu saa malengelenge yalipasuka. Udongo ulinipanda hadi kwenye tai. Mtu mmoja akapiga kelele, "Radi, tuhubirie!" Sikuinua kichwa. Nilikuwa naomba, na sala yenyewe ilikuwa hii tu: "Bwana, usiache Onyango ahame. Mama asibaki peke yake. Watoto wapate nyumba." Niliirudia kila jembe liliposhuka. Shangazi angekuwepo, upande wa kushoto wa ungo ungekaa mtupu.

Shimo lilipofika gotini Onyango akashuka, akaninyang'anya jembe. "Toka. Unachimba kama unakuna mgongo."

Akachimba yeye. Nikatoa udongo kwa mikono. Lilipofika kiunoni tulikaa ukingoni kupumzika, akauona ule mfuko wa khaki mfukoni mwa koti langu na kuuliza ni nini. Nikamwambia kisa cha Shangazi chote, kushoto na kulia, mpaka ile aliyonihurumia.

Nilitaraji atabasamu. Alicheka hadi akaliegemea jembe. Alicheka kicheko kile cha utotoni chenye mluzi, ambacho nilikuwa nimekisahau. Akaufungua ule uzi, akatia mkono, akatafuna.

"Ziko na chumvi nyingi," akasema.

"Ni zangu," nikasema.

"Najua."

Akawaita watoto, wakaja wote wanne, kila mmoja akapewa konzi, nami nikaambiwa majina yao, yote manne. Mama hana meno ya kutosha, akasagiwa zake. Mfuko ukaisha. Kisha Onyango akasimama, akaenda uani, akamfungua punda.

Hakusema amenisamehe. Hajasema hadi leo, na sijamuuliza.

Jumapili Akinyi alifika na wanetu, baba mdogo akaleta jogoo, shoka na moto kama mila inavyotaka kwa boma jipya, tukasimamisha nyumba ya udongo na mabati ambayo kuna watu wana choo kikubwa kuliko hiyo. Mchungaji alisikia habari ya jogoo na hakufurahi, nasi tumekubaliana kutokubaliana. Tulilala humo siku nne. Siku ya tano, nilipokuwa naondoka, Onyango alikuwa anachimba shimo lake la kwanza. Niliweka mfuko chini, nikatoa udongo kwa muda, kisha nikaenda.

Uriri tena

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Walikuwa wamesikia nimefika nyumbani na wakataka ushuhuda mzima. Mchungaji alinitambulisha kwa maneno mengi mazuri, akanipa maiki. Suti nilikuwa nimeifua mara tatu na bado ina ramani ya Magunga magotini.

Nikasema, "Mungu ni mwema. Ndugu yangu Onyango anajenga nyumba." Nikamrudishia maiki, nikaketi.

Watu wakangoja. Mchungaji akangoja. Akagonga maiki kwa kidole, tuk, tuk, akainua macho kwa wasiwasi. Hakuweza kuamini kwamba nimemaliza. Akadhani chombo kimezima.

"Fundi yuko wapi?" akauliza. "Fundi, njoo mbele."

Fundi ni mimi. Nikainuka, nikaenda mbele, nikapiga magoti kushika waya.